Mtungi Kando ya Mkataba

Ukisikia mvinyo, ulizia chai. Mnacheka, wanangu? Methali hii ilianza hivi.

Kokubanza alikuwa mkalimani wa Kifaransa, mgeni kazini na mwenye kiburi cha kamusi. Kila neno alilihamisha lilivyo, kama mtu ahamishaye mayai. Siku hiyo chama cha wakulima wa kahawa kilikuwa kinasaini mkopo wa kiwanda na benki moja ya ng'ambo. Walikuwa wameungoja miaka mitatu. Mkopo ukivunjika, kiwanda ndiyo basi tena, na Kokubanza naye hangeitwa mkutanoni tena.

Mkuu wa benki, Madamu Delorme, alishika kalamu, kisha akakunja uso. "Hapa hakuna pot-de-vin. Kamwe!"

Pot ni mtungi, vin ni mvinyo. Kokubanza hakusita. "Anasema hapa hakuna mtungi wa mvinyo. Kamwe!"

Mwenyekiti, Mzee Rugaimukamu, akashika kichwa. "Mgeni mpaka aombe mwenyewe? Tumeaibika!"

Akatuma watu mbio. Punde ukaletwa mtungi wa rubisi, pombe ya ndizi, maana mvinyo wa kwao ndio huo. Wakautua kando ya mkataba.

Madamu akaruka. "Nini hiki?"

"Pot-de-vin, Madamu," akajibu Kokubanza kwa adabu zote.

Madamu akafunga kalamu, akaanza kukusanya karatasi zake, uso umemwiva. Kokubanza akaona kazi inamponyoka hivihivi. Kwa mara ya kwanza aliiacha kamusi, akauliza: "Samahani, Madamu, kwenu neno hilo lina maana gani?"

"Anachopewa mkubwa kwa siri ili mambo yapite!"

"Mungu wangu! Kumbe chai!" akamaka kwa Kiswahili.

"Chai?" Mzee akashangaa. "Rubisi yote hiyo, na chai bado anataka?"

Ilibidi Kokubanza awaeleze wote wawili, jasho likimtiririka. Mzee alicheka hadi kofia ikaanguka. Madamu naye, aliposikia hongo huku huitwa chai, alikitazama kikombe chake cha chai, cha tatu tangu asubuhi, akakisukuma mbali polepole. Kisha akaangua kicheko, akasaini.

Mtungi ulinywewa baada ya sahihi, si kabla. Na Kokubanza, kabla hajaionja rubisi hiyo, alifungua kamusi yake akaandika kwa wino ukurasa wa kwanza: Ukisikia mvinyo, ulizia chai.