Jina la Sultani Juu ya Kila Jedwali

Palikuwa na Sultani mmoja aitwaye Badi, mtawala wa Mtondooni, aliyelipenda jina lake kuliko alivyowapenda wake zake, na wake zake walilijua hilo. Kompyuta zilipoingia kasrini na makarani wakaanza kuandika mambo ya nchi kwenye lahajedwali, amri ilitoka siku hiyo hiyo: mstari wa juu kabisa wa kila jedwali, kutoka ukingo hadi ukingo, uandikwe kwa rangi ya dhahabu "Mtukufu Sultani Badi". Punda wa kasri, wapishi, magunia ya vitunguu, wote wakae chini yake.

Basi Sultani jirani akanunua mashine inayosema. Unaiuliza habari za nchi, inakujibu kwa sauti. Badi aliposikia, chakula hakikumpita kooni. Akanunua yake, kubwa zaidi. Kumbe mashine yenyewe haili lahajedwali! Inataka kila kitu kipangwe kwa muundo wake: jina la jambo kwanza, kisha jambo lenyewe. Na mafaili ya kasri, jamani, yalikuwa hayana idadi.

Akaitwa Mize binti Kombo, mjane mwenye kibanda cha kuchapa barua karibu na soko la kuku. Mize alikuwa na mali mbili tu duniani, kibanda na ulimi.

"Mize," akasema Sultani, "mafaili yangu yote yageuze kwa mkupuo mmoja. Ijumaa mjumbe wa jirani yangu anakuja. Nataka mashine iseme mbele yake."

"Inawezekana, Mtukufu. Ila jina lako lishuke kidogo."

"Lishuke wapi?"

"Litoke juu ya majedwali. Mashine haina adabu. Neno inalolikuta juu kabisa, inalifanya ndilo jina la kila kilicho chini yake."

"Jina langu halishuki."

"Hata kwa siku moja?"

"Liguse uone! Nabomoa kibanda chako, najenga banda la tausi."

"Na nisipoligusa, mambo yakiharibika?"

"Nabomoa vile vile."

"Basi tausi wameshapata nyumba," akasema Mize, akaaga.

Msimwone anachekesha. Njiani machozi yalimtoka, maana kibanda kile ndicho kilichomlisha tangu mumewe afariki, na hakuwa na pengine pa kwenda. Alipofika akajifuta uso, akayafungua mafaili ya kasri kwenye kompyuta yake, akaandika maagizo machache, akabonyeza kitufe. Mafaili yote yakageuka kwa pamoja, hata chai yake haijapoa. Jina la Sultani hakuligusa hata herufi moja.

Ijumaa ikafika, baraza likajaa. Mjumbe wa jirani alikaa mbele na sahani ya halua. Sultani akasimama, kifua mbele.

"Kuanzia leo," akatangaza, "kitakachosomwa na mashine hii ndiyo kweli. Askari watakifuata hapo hapo, bila kuniuliza!"

Watu wakapiga makofi. Ungekuwepo, nawe ungepiga.

Mashine ikawashwa. Ikakohoa kidogo, kisha ikasema kwa sauti nzito:

"Mtukufu Sultani Badi: punda. Mtukufu Sultani Badi: punda mzee, anauma. Mtukufu Sultani Badi: vitunguu, vimeoza."

Halua ikamkwama mjumbe kooni. Waziri Shamte akaanza kuhesabu boriti za dari.

"Mize!"

"Abee, Mtukufu."

"Umeniita punda!"

"Mimi? Sikuongeza neno, sikupunguza neno."

"Mbona mashine isiseme kwamba punda ni punda?"

"Itasemaje, na mahali pa jina la punda umepakalia wewe?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukanijibu habari za tausi."

Nyuma kule mtu akacheka, kisha akajitia kikohozi. Sultani akawa mwekundu kama pilipili mbivu.

"Waziri! Andika hukumu! Mjane huyu ameidhalilisha dola mbele ya mgeni. Abomolewe leo leo, pasibaki hata mlango!"

Waziri Shamte akafungua jedwali la hukumu. Mkono wake, kwa mazoea ya miaka mingi, ukaenda juu kabisa na kuandika jina la Sultani kwa dhahabu. Chini yake akaandika mkosaji, kosa na adhabu, kama alivyoambiwa. Mize alikuwa amemkodolea macho muda wote ule, na alipoona jina limekaa juu kabisa, akasogea mbele.

"Mtukufu," akasema, akainama kwa heshima, "sitaki upendeleo. Umesema askari wafuate kinachosomwa na mashine. Basi na isome."

"Isome!" akanguruma Sultani, kwa hasira zake.

Mize akaligeuza jedwali lile kama alivyoyageuza mengine. Mashine ikakohoa.

"Mtukufu Sultani Badi: mjane wa soko la kuku. Mtukufu Sultani Badi: ameidhalilisha dola mbele ya mgeni. Mtukufu Sultani Badi: abomolewe leo leo, pasibaki hata mlango."

Askari wakatazamana. Walikuwa wameambiwa wafuate bila kuuliza, na kuuliza hakukuwa kazi yao tangu zamani. Wakatwaa nyundo, wakauendea mlango mkubwa wa kasri. Pigo la kwanza likaangusha bawaba.

"Acheni!" akapiga kelele Sultani. Hakuna aliyemgeukia, kwani mashine haikusema waache. "Mize! Wananibomolea nyumba! Nitalala wapi leo?"

"Karibu kibandani kwangu, Mtukufu, nafasi ipo," akasema Mize. "Ila jina liache nje. Mlango wangu mfupi."