Kifaranga na Pima Tatu za Mwanzo

Mwanamke mmoja alikuwa na ukili wa pima ishirini, na pima tatu za mwanzo zilikuwa aibu tupu. Jina lake Mwanatumu. Kwa wasiojua, ukili ni ule mkanda wa miyaa, yaani majani ya mkindu yaliyochanwa, unaosukwa kwa vidole, kisha hushonwa ubavu kwa ubavu ukawa mkeka. Katika mji ule ilikuwapo desturi: anayejifunza kusuka hakati ukili wake wa kwanza. Pale alipoanzia akiwa hajui kitu ndipo anapoendeleza, siku baada ya siku, hadi zitimie pima ishirini. Hapo huuviringisha wote na kuupeleka kwa Bi Mejumaa, fundi wa mikeka ya harusi, kuomba afundishwe rangi na nakshi. Ukipungua shibiri moja, hupokelewi.

Pima zile tatu Mwanatumu alizisuka akili ikiwa ngomani. Hapakuwa na harusi mtaani asiyohudhuria, na ile ambayo hakualikwa ndiyo aliyotangulia kufika. Mkono mmoja miyaa, mkono wa pili sahani ya biriani. Ukili ukatoka umelegea, umepinda, una matundu. Shangazi yake aliutazama, akasema, "Mwanangu, huu tuwauzie wavuvi."

Siku moja ukili umetandazwa uani, kifaranga akatia kichwa kwenye tundu mojawapo, akashindwa kukitoa. Akatimua mbio. Akauzunguka ua wote akiburuta pima tatu kama bibi harusi na shela yake, na mama kuku nyuma kama kungwi. Majirani walicheka hadi wakakaa chini. Mwanatumu naye alicheka. Kisha akaingia chumbani, akalia. Alipotoka alikuwa amenawa uso. Akaloweka miyaa mipya, akaketi. Tangu pima ya nne kwenda mbele, hapakuwa na tundu ambalo hata sindano ingepita.

Pima ishirini zikatimia. Kwa Bi Mejumaa mwaka ule palikuwa na nafasi moja tu. Mwanatumu alikitwaa kisu aukate ule mwanzo, akakirudisha, akakitwaa tena, akakirudisha, maana kwa pima kumi na saba hata mlangoni asingepita. Mwishowe akauviringisha ukili, ubovu ukakaa ndani kabisa, akaufunga kwa kamba mafundo saba. Na alipofika kwa fundi, akaukalia.

Mbele yake alikuwapo Mishi, binti mwenye ukili ulionyooka ncha hadi ncha, pima ya kwanza sawasawa na ya ishirini. Wanawake wa pale wakapiga vigelegele. Bi Mejumaa hakupiga. Alimpa Mishi miyaa, akamwambia asuke shibiri moja pale pale. Mishi akasuka. Jasho lilimtoka hadi visiginoni. Alipomaliza, alichoshika mkononi kilifanana na kiota.

"Mama yako mkono wake naujua," alisema Bi Mejumaa. "Mwambie namsalimu. Amesuka vizuri."

Ikafika zamu ya Mwanatumu, akainuka juu ya ukili wake. Bi Mejumaa alifungua mafundo yote saba bila haraka, akaingiza vidole katikati ya ule mviringo, akaichomoa ncha mbovu. Chumba kikaangua kicheko. "Shoga, huu ni ukili au kifumbu cha kukamulia tui?" akauliza mmoja wa wanawake. Mwanatumu akautazama mlango, akahesabu hatua.

Bi Mejumaa akaendelea kuvuta. Pima ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ilipoingia ya nne, kidole chake kikasimama. Akarudi nyuma kidogo, akaenda mbele tena. Akamkabidhi Mwanatumu miyaa, naye akasuka shibiri moja, na kabla hajaifikisha nusu, hakuna aliyekuwa akicheka.

Ndipo fundi akaweka kidole pale ubovu ulipoishia, akauliza, "Hapa palitokea nini?"

"Kifaranga, bibi," akajibu Mwanatumu, na kwa kuwa hapakubaki cha kuficha, akasimulia yote, shela na kungwi. Bi Mejumaa alicheka mpaka tambuu ikamtoka kinywani. Akajifuta, akasema, "Njoo Jumatatu. Na kifaranga huyo asichinjwe."

Nanyi mnaocheka hapo, wengine wenu mnaketi kwenye kamati za kupokea wanafunzi wa shahada ya uzamili. Huja mtu aliyeanguka mwaka wa kwanza, akajikokota wa pili, akasimama wa tatu, akang'ara wa nne. Mnajumlisha alama zote, mnagawanya, mnamwandikia barua kwamba hatoshi. Ni nani kati yenu aliyewahi kuweka kidole pale ubovu ulipoishia, akauliza kifaranga alikuwa nani?