Ubao wa Kukatia Vitunguu

Wapo watu wasiokosa nia wala akili. Wanachokosa ni kuanza tu. Mmoja wao alikuwa Pak Darsono, fundi saa mstaafu wa Kepanjen, mji mdogo kusini mwa jiji la Malang. Kwa miaka mitatu alikuwa akichagua darubini ya kupigia picha za nyota. Alisoma kila ulinganisho uliokuwa mtandaoni, akajua uzito wa kila lenzi, lakini picha hakuwa na hata moja.

Ubaya ni kwamba alikuwa ametoa ahadi. Kila Agosti mtaa wao ulifanya maonyesho ya Siku ya Uhuru, naye mara mbili aliahidi kuleta picha ya nebula, lile wingu jekundu la gesi lililo katika kundinyota la Mshale. Mara mbili nafasi yake ukutani ikabaki tupu. Mwaka huu jirani yake Pak Jumeri, mwenyekiti wa kamati, alikwisha kubandika jina la Pak Darsono katikati kabisa ya ukuta. Zilibaki siku kumi, na aibu ya tatu ilikuwa inabisha hodi.

"Nikipata darubini nzuri..." alianza siku moja wakila.

"Eti ukipata!" Bu Kustinah, mkewe, alimkata kauli. "Ile kamera uliyompigia binti yetu Retno picha za harusi imekufa?"

"Haijafa, Bu. Ila ni kuukuu."

"Na wewe je? Mbona mimi sijakubadilisha?"

Pak Darsono alicheka, lakini maneno yalimwingia. Kesho yake aliuchukua ubao wa jikoni wa kukatia vitunguu, akaupasua vipande viwili, akauunganisha kwa bawaba na kutia skrubu ya kuzungusha kwa mkono, ili kamera iliyofungwa juu yake izifuate nyota zikisogea. Akaupandisha kwenye paa la zege walikoanikia nguo. Usiku ule nyota zilitoka pichani ndefu kama tambi.

"Si nilisema? Lenzi hii!" alilalamika.

"Ubao umeuelekeza wapi?" mkewe aliuliza.

"Kaskazini, kwenye ile nyota ambayo nyingine zote huizunguka. Ndivyo maelekezo yanavyosema."

"Walioyaandika wanakaa wapi, Ulaya? Hiyo nyota yao ya kaskazini wewe umeiona lini hapa? Marehemu baba akienda kufungulia mpunga maji usiku, alijua kusini kwa Gubug Penceng. Zile nyota nne pale, kama kibanda kilichoinama. Geuza!"

Pak Darsono aliona haya. Miaka mitatu ya kusoma, wala hakuwahi kujiuliza walimu wake walikuwa upande gani wa dunia. Aliugeuza ubao, akahamisha bawaba, na nyota zikawa nukta.

Kwa siku sita alipiga picha mia tatu, kila moja nusu dakika. Moja moja zilikuwa za kijivu kama maji ya kuoshea vyombo. Kisha akaziingiza kwenye kompyuta, nayo ikazipanga nyota juu ya nyota hadi zikawa picha moja. Akaanza kuipandisha mwanga kidogo kidogo. Wekundu ulipochomoza, alipiga ukelele hadi mkewe akaiacha tempe, vile vipande vya soya, ikiungua kikaangoni.

Tamaa ikamshika, akazidisha rangi.

"Hiyo sasa sharubati," mkewe alisema. "Punguza. Punguza tena. Hapo!" Akainama karibu na kioo cha kompyuta. "Kumbe lipo kweli, Pak, juu ya nyumba yetu." Pak Darsono hakuwahi kufurahi vile tangu astaafu.

Siku ya maonyesho watu walijazana mbele ya picha ile, na Pak Jumeri akawa wa mwisho kuondoka.

"Mimi nami nataka kujifunza, Pak," alisema. "Nitaanza mara moja. Ila kwanza nitafute kamera ya maana."

Mume na mke walitazamana, wakaangua kicheko. Pak Jumeri hakuelewa amesema nini cha kuchekesha. Lakini aliyekaa miaka mitatu bila picha alielewa vizuri sana kwamba mchagua jembe si mkulima.