Sungura Mwenye Masikio Mekundu

Akina mama wenzangu, habari hii nilipewa na Mama Tusekile, yule anayekaa nami benchi moja kwenye kwaya, Jumamosi tulipokuwa tunapeta mchele wa sikukuu ya mavuno. Nimeiandika ili niisome, maana nikisimama bila karatasi maneno hunikimbia.

Kulikuwa na mama mmoja muuza vitumbua. Mwanawe alikuwa anaingia darasa la tatu Jumatatu, na mama alikwisha kumwahidi viatu vipya. Hela ya viatu hakuwa nayo. Wiki ileile akaja sokoni mgeni mmoja, akakunjua meza, akatundika kibao: NANUNUA SARAFU ZA ZAMANI. Mama akamwuliza ni zipi hizo.

"Senti hamsini, ile yenye picha ya sungura," mgeni akasema. "Niletee sungura mmoja, nakupa elfu thelathini."

Elfu thelathini! Hizo si viatu tu, ni viatu na soksi. Mama akamwaga kopo la hela za vitumbua, akageuza sarafu moja moja. Hakuna sungura. Siku nzima kila mteja aliyelipa alisubiri chenji yake huku mama akiikodolea macho hela aliyopewa, mbele na nyuma.

"Mama, nimekupa mia mbili, sijakupa mtihani," mmoja akamwambia. "Nina njaa."

Kesho yake akapeleka benki noti zake mbili za elfu kumi kumi, mtaji wa vitumbua, akaomba apewe sarafu tupu. Akapewa vifuko. Akavifungua palepale dirishani.

"Shangazi, hizo ni hela, unazichambua kama maharage!" watu wa foleni wakalalamika.

Karani naye akainama. "Mama yangu, unatafuta nini?"

"Sungura."

"Hao waliondoka hapa kabla mimi sijazaliwa. Naomba uwapishe wenzako."

Akarudi nyumbani na mzigo wa sarafu begani, na katikati ya njia akasimama ghafla. Mbona aliwahi kuwa na sungura! Mwaka jana mteja alimchanganyia mmoja kwenye hela ya vitumbua, na mwanawe akampaka huyo sungura rangi ya kucha masikioni. Sasa yeye mama alimpeleka wapi? Alimweka kwenye kikapu cha sadaka. Na kwa nini alimweka huko? Kwa sababu dukani walimkataa.

Mnacheka? Ngojeni kidogo.

Akaenda nyumbani kwa mzee wa kanisa, yule anayehesabu sadaka. Akauliza hali ya mke, hali ya ng'ombe, hali ya migomba. Mwisho akakosa cha kuuliza.

"Mzee, kuna kitu nilitoa kwa bahati mbaya."

Mzee hakushangaa. Akavuta kutoka chini ya meza kopo kubwa la maziwa ya unga. "Humu tunaweka sadaka zile ambazo hazipokelewi popote. Tafuta yako."

Mama akalimwaga. Vikatoka vifungo vya shati, kizibo cha soda kilichopondwa kikawa bapa, sarafu zilizotoboka, na sungura kumi na watatu. Mmoja alikuwa na masikio mekundu.

"Huyu hapa wangu!" Akatoa haraka shilingi hamsini, akaiweka mezani. "Namlipia, mzee. Nilitoa senti hamsini, narudisha shilingi hamsini. Mungu amepata mara mia."

"Kwenye vitumbua hujawahi kutuzidishia hata kimoja," mzee akasema. "Chukua hela yako, na sungura mchukue. Sharti ni moja tu. Andika hapa jina lako, na sababu iliyokufanya umtoe."

Akamsogezea daftari. Mama akalifungua, akakuta majina kumi na mawili yamemtangulia. Mwalimu wa kwaya yumo. Fundi aliyechonga mimbari yumo. Na jina la kwanza kabisa lilikuwa la mzee mwenyewe.

"Mzee, hata wewe?"

"Nilifika naye mpaka getini," mzee akasema, akitazama dirishani. "Niliporudi ndipo nikanunua daftari."

Mama akasoma tena. Majina yote yalikuwa kamili, lakini mbele ya kila jina paliandikwa: Nilimtoa kwa sababu. Halafu basi. Ndiyo maana sungura wote walikuwa bado kwenye kopo.

Akaandika jina lake vizuri. Akaandika: Nilimtoa kwa sababu. Kalamu ikagoma.

Mzee akasubiri, kisha akauliza kwa upole, "Na wewe nikuletee maji ya kunywa? Wenzako wote waliomba maji."

"Naomba, mzee," mama akasema, akamrudisha sungura kwenye kopo.

Najua mnataka kujua habari za viatu. Jumatatu mtoto alikwenda na vya mwaka jana, mama amevikata mbele vidole vipate nafasi.

Sasa, ndugu zangu, tusimcheke sana. Mwenzetu akijifungua, sisi tunampelekea khanga gani? Si ile iliyochujuka, tuliyokwisha kuifanya pazia? Na sala zetu tunazisali saa ngapi? Tunasubiri usingizi utubane, tunaanza "Baba yetu" na kuamka asubuhi bila kufika "amina". Mungu tunampa kilichokataliwa dukani, na siku tukisikia kina bei, tunakifuata mbio. Yule mama hakushindwa kuandika kwa kukosa shule. Sababu aliijua. Je, daftari lile lingeletwa hapa leo, nani kati yetu angemaliza mstari?

Kwangu, juu ya kabati, kuna kibakuli cha sarafu ambazo mwenye duka hazitaki. Tumezoea kuziita hela za Jumapili. Mama Tusekile hakujua hilo aliponisimulia, nami sikumwambia. Asubuhi iliyofuata nilimwaga kibakuli chote kwenye soksi kuukuu, nikampa mwanangu achezee duka. Kisha nikachukua mia mbili ya sukari, nikaifunga kwenye leso yake ya sadaka.

Akaifungua, akaitazama. "Mama, hii si wanaipokea dukani?"

"Wanaipokea."

Akaifunga tena mwenyewe, mafundo mawili. Chai tulikunywa bila sukari, naye akanuna mpaka kanisani.