Tairi za Kutoka Ng'ambo

Mombo nzima palikuwa na pikipiki kubwa za kifahari mbili tu, za aina moja: ya Namkunda, fundi cherehani, na ya Shekiondo, tajiri wa tairi. Tairi za Namkunda zilipokwisha, Shekiondo alimtolea jozi kuukuu aliyoipaka rangi ya viatu ikang'aa.

"Mpya hizi, dada. Zimetoka ng'ambo juzi."

"Mbona zina nyufa, mzee wangu?"

"Mwanamke utajulia wapi tairi? Hiyo ni mistari ya kupitisha hewa."

"Kumbe! Ushamba wangu huo. Basi zinashinda hata za pikipiki yako?"

"Zangu?" Shekiondo alicheka. "Zangu takataka tupu!"

Namkunda aliwageukia madereva wa bodaboda waliojaa dukani. "Mmemsikia mzee?"

"Tumemsikia!"

"Basi nitaona haya kumwacha mzee wa watu na takataka. Mfungieni yeye hizi za ng'ambo. Mimi nifungieni zake, na bei nitalipa ileile."

Madereva waliinuka na spana, wakaiendea pikipiki ya Shekiondo iliyoegeshwa mlangoni.

Kesho yake Namkunda alipanda milima ya Lushoto kwa pikipiki yake. Shekiondo alionekana akitembea kwa miguu, akimwambia kila aliyemuuliza kwamba daktari amemshauri mazoezi.