Uso wa Kwanza Atakaouona Siwema

Watu watatu walikutana katika wodi moja ya macho, kila mmoja na kipaji chake. Sikilizeni vizuri, maana mwisho wa habari hii sitausema mimi.

Wa kwanza ni Bi Mwantumu, fundi cherehani. Jicho lake moja lilikuwa chini ya bandeji, lakini lililobaki lilimtosha. Ukipita mbele yake alikwambia gauni lako lilishonwa na watu wawili, na kwamba wa pili alikuwa na haraka.

Wa pili ni Shekalaghe, fundi redio. Miaka kumi na mmoja alikuwa haoni chochote, na alilazwa kwa sababu macho yale yasiyoona yalikuwa bado yanauma. Yeye alikuwa na sikio. Muuguzi akiingia na sahani za dawa, Fundi alimtaja jina kabla hajasalimia, kisha akamwambia ni kiatu kipi kinachoachia soli.

Wa tatu hakuwa mgonjwa, na hadithi inapoanza hakuwapo. Watu walimwita Kipaza. Kazi yake ilikuwa kutia maneno ya Kiswahili kwenye filamu za nje zinazoonyeshwa kwenye mabanda ya video. Alifanya peke yake sauti za wote, mume, mke, mtoto na mbwa. Kipaji chake kilikuwa kinywa. Alichokisema, watu walikiamini.

Kati ya vitanda vya hao wawili wa kwanza alilala Siwema, msichana wa miaka kumi na mitano. Jicho lake la kushoto lilizimika zamani. La kulia lilikuwa na ukungu, na ukungu ulikuwa ukiongezeka. Kwanza yalipotea maandishi ubaoni, kisha nyuso za watu ng'ambo ya barabara, kisha nyuso za watu mezani.

Daktari Ulomi hakumficha. "Tukingoja mwakani, hili nalo litazimika. Tukilipasua sasa linaweza kuona, na linaweza kushindwa. Ila utakuwa macho wakati wote, na lazima utulie kama jiwe. Siwezi kuingiza kisu kwenye jicho la mtu asiyetaka."

"Sitaki," alisema Siwema, akageukia ukuta.

Mama yake alibembeleza, akafoka, akanyamaza. Siku ya tatu ndipo msichana alipotoa sababu. Ilikuwa katuni ya Kijapani.

Ilikuwa kwenye simu ya mama yake, na Siwema alikuwa ameitazama tangu akiwa na macho mawili. Msichana aitwaye Hanae anaishi peke yake katika nyumba ya vyumba saba. Kila anaposahau jambo moja, chumba kimoja kinatoweka. Anasahau sauti ya baba yake, jiko linatoweka. Anasahau njia ya shule, sebule inatoweka. Mwishoni kinabaki chumba kimoja chenye mlango mmoja. Hanae anaufungua, na kioo chote cha simu kinakuwa cheupe. Weupe unakaa dakika moja na nusu. Hakuna picha nyingine. Halafu majina ya waliotengeneza yanapita na filamu inakwisha.

Juu ya weupe ule, sauti nzito ya Kipaza ilisema: "Naam, ndugu mtazamaji. Hapo ndipo alipokufa."

"Mimi ni yeye," alisema Siwema. "Vyumba vyangu vinakwisha. Hicho kisu ndicho mlango."

"Ni katuni, mwanangu," alisema mama.

"Basi nionyesheni kuwa hakufa. Atakayenionyesha, nitakubali kupasuliwa. Na siku bandeji ikitoka, uso wake ndio nitakaoutazama wa kwanza."

Mahali pa uso wa kwanza palikuwa pa mama yake, na wodi nzima ilijua. "Sawa," alisema. "Wangu unaujua."

Bi Mwantumu ndiye aliyeanza. Aliiomba simu, akaisogeza hadi ikagusa pua, akaitazama filamu kwa siku mbili, akiisimamisha na kuiachia. Alipomaliza aliketi kwenye kitanda cha Siwema.

"Huyu Hanae wako ana gauni moja tu."

"Najua."

"Hujui. Pindo lina maua saba ya kudarizi. Kila chumba kikipotea, ua moja linafumuka. Aliyechora alikuwa fundi, hakukosea hata mara moja. Anapofika kwenye mlango wa mwisho, amebakiwa na ua moja. Haya, anaufungua. Kabla weupe haujajaa, kufumba na kufumbua, pindo linaonekana. Nimelisimamisha hapo. Maua ni saba."

Ukungu wa Siwema usingemruhusu kuyaona maua hayo hata kidogo, na hata alipokuwa na macho mawili hakuwahi kuyahesabu. Kwa mara ya kwanza alihisi kwamba ndani ya filamu aliyoijua kwa moyo kulikuwa na kitu alichopishana nacho.

"Maiti naye huvishwa nguo nzima," alisema hatimaye.

"Una mdomo wewe," alisema Bi Mwantumu. Lakini aliona kwamba mtoto ameomba arudishiwe simu ya mama yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alazwe.

Wa pili alikuwa Fundi Shekalaghe. Aliposikia habari ya maua alicheka. "Mnanisimulia rangi mimi? Nipeni mwisho wake tu, na mninyamazie."

Alichomeka vidude vya masikioni akasikiliza dakika ile moja na nusu. Akairudia. Chakula cha mchana kilimpoa mbele yake. Alipovitoa, alizungumza polepole.

"Chini ya sauti ya huyu bwana kuna kitu. Yeye anasema, anataja banda lake, anataja namba ya simu kwa wanaotaka kumwalika harusini. Lakini anapovuta pumzi, mara nne anavuta pumzi, kinasikika. Ni hatua za mtu. Anatembea kwenye changarawe."

"Hatua za nani?" aliuliza Siwema.

"Za mtu mmoja, mwepesi. Hana viatu."

Mgonjwa wa kitanda cha mlangoni alisema, "Subhanallah," kwa sauti ya chini.

"Huenda ni aliyekuja kumchukua," alisema Siwema. Sauti yake haikuwa imara kama jana. "Fundi, Kipaza mwenyewe amesema amekufa. Kama si kweli, alisemaje?"

"Hapo umefika," alisema Fundi. "Hii sauti imekaa juu ya filamu kama kifuniko juu ya sufuria. Mama Siwema, namba ya simu ameitaja. Mpigie."

Kipaza alifika kesho yake adhuhuri, kwa basi la asubuhi. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti nyembamba, na Siwema alikataa kwamba ndiye.

"Sema kama unavyosemaga."

Mtu yule alikohoa, akainua kidevu. "Naam, ndugu mtazamaji," alisema, na mabati ya paa yakaitikia. Muuguzi alisimama na sindano mkononi. Siwema alishika ukingo wa kitanda. Ilikuwa ni ile ile.

"Mjomba, ulijuaje kwamba alikufa?"

Kipaza aliketi. Alirudi kwenye sauti yake nyembamba.

"Kijapani sijui hata neno. Natazama midomo na mikono, nasema ninachoona. Mwezi ule nilikuwa nimetoka kumzika dada yangu. Ulipokuja weupe, niliona sanda. Ukakaa, ukakaa, nikaogopa kunyamaza. Watu bandani hawataki kimya. Nikasema alikufa." Alifuta uso. "Sikuiona filamu, mwanangu. Niliuona msiba wangu. Neno lile nalitoa leo, mbele ya watu hawa."

"Kwa hiyo hakufa?"

"Sijui."

"Unajua kila filamu."

"Hii sijui. Nilipaswa kunyamaza."

Alitoa simu yake. Alikuwa amekuja na nakala ambayo hakuitia sauti. Aliiegemeza kwenye jagi la maji, na waliokuwa wakiweza kutembea wakaja kusimama. Fundi alisogezewa kiti. Bi Mwantumu alimshika Siwema kiganja. Hanae alipoufungua mlango wa mwisho, Bi Mwantumu alikibonyeza kiganja hicho kwa kidole mara saba, kwa maua saba.

Weupe ukaja.

Hapo Siwema aliona jambo ambalo baadaye alishindwa kulieleza vizuri. Picha zote za mwaka ule zilikuwa kwake mabaka. Weupe haukuwa baka. Ulikuwa weupe kwake kama ulivyokuwa kwa mama yake, kwa muuguzi na kwa Kipaza. Kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi, alichokiona yeye ndicho walichokiona wote. Na ndani yake, wazi, bila mtu yeyote kusema juu yake, miguu mitupu ilisikika ikitembea kwenye changarawe, ikaenda, ikaenda, haikuonekana inakokwenda. Watu kumi na tisa walisimama wodini na hakuna aliyekohoa. Mgonjwa wa mlangoni alikuwa akilia bila sauti. Dakika moja na nusu ilipita na majina yakaanza kupanda.

"Haijulikani," alisema Siwema.

"Haijulikani," alisema Kipaza.

Kisha msichana akasema, "Haijulikani naiweza. Kufa ndiko nilikokuwa sikuwezi. Mwiteni daktari."

Alilala kwenye meza ya upasuaji macho wazi, akatulia kama jiwe. Daktari alisema ametimiza sehemu yake, na kwamba jicho litasema lenyewe bandeji ikitoka. Akaweka sharti. Mbele ya kitanda akae mtu mmoja tu, ili jicho lisivutwe huku na huku.

Asubuhi ya kufunguliwa, kiti kiliwekwa. Siwema, gizani mwake, aliwasikia watatu wakibishana.

"Kiti ni changu," alisema Bi Mwantumu. "Alikuwa amegeukia ukuta. Bila yale maua asingeitazama tena."

"Na bila mimi," alisema Fundi, "mngebaki mnahesabu maua. Mimi ndiye niliyesikia kwamba kuna kitu kimefunikwa, nikasema aitwe mwenye kifuniko. Halafu mimi sitauona uso wake kamwe. Yeye angalau auone wangu."

"Alimwamini nani?" aliuliza Kipaza. "Mliyasema yote hayo na akakataa. Alikubali niliposema sijui. Neno lile dunia nzima mtu mmoja tu angeweza kulitoa."

"Kwani nani alilitia?" aliuliza Bi Mwantumu. "Mtu amfungie mtoto mlango, kisha adai shukrani kwa kuufungua?"

"Nilikuja kusema nimekosea, mbele za watu. Wewe ulikuja kuonyesha kwamba unajua."

Fundi alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Na mnasahau," alisema Daktari Ulomi, akinawa mikono. "Atakayekaa hapo, kama jicho limeshindwa, ndiye atakayetazamwa bila kuonwa. Fikirini kama mnakitaka bado."

Wote watatu walisema wanakitaka.

Mama alikuwa amesimama ukutani. Daktari akashika ncha ya bandeji. Siwema alisikia kiti kikiwa kitupu mbele yake, na pumzi za watu watatu zikimngoja.

"Haya, Siwema," alisema daktari. "Ahadi ni yako. Aketi nani?"

Msichana alifungua kinywa, na mimi hapo nanyamaza, maana yaliyompata Kipaza sitaki yanipate. Nyinyi mmewasikia wote: aliyeyaona maua, aliyezisikia hatua, na aliyeliondoa neno lake. Bandeji iko mkononi mwa daktari, na kiti ni kimoja. Mngemkalisha nani?