Siku Waliyosikia Wakainamisha Vichwa

"Kilio hakingoji mkalimani." Ndivyo alivyosema yule mama kule msibani asubuhi, nanyi mkatazamana kama watu waliotegewa kitendawili. Sasa mmenifuata mpaka hapa mkitaka kujua ni nani aliyeyatamka kwanza maneno hayo, na mkalimani aliingiaje kwenye kilio. Haya, kaeni. Wewe unayechekacheka hapo nyuma, cheka sasa umalize. Methali hii haikutungwa na mtu aliyeshiba akitafuta maneno matamu. Chanzo chake ni hiki.

Kulikuwa na kijiji kinaitwa Lwandala, upande wa Ziwa Nyasa, chini ya kilima cha udongo. Wanawake wa Lwandala walikuwa wafinyanzi, na vyungu vyao vilijulikana mpaka ng'ambo. Lakini udongo mzuri haukai juu juu. Waliufuata ndani ya kilima, kwenye shimo linaloingia kama pango, mtu akiwa ameinama na jembe fupi mkononi. Kilima kile kilikuwa na tabia ya kushuka bila taarifa, hasa masika, udongo ukishanywa maji.

Kwa sababu hiyo walikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyeivunja. Mwanamke hakuingia shimoni peke yake. Mmoja aliingia kuchimba, mwenzake akakaa mlangoni. Wa mlangoni aliimba, wa ndani akaitikia. Wimbo usipoitikiwa, wa mlangoni alipiga yowe, na kila aliyesikia alitupa alichoshika akaja mbio. Hata wake wenza waliorushiana matusi jana yake walikaliana mlangoni. Ugomvi mliuacha njiani, mkirudi mkaukuta palepale unawasubiri.

Basi kijijini pale akaja mchungaji mpya, jina lake Nsajigwa. Sitaki mwondoke hapa mkimchora na pembe kichwani. Hakuwa mlevi, hakuwa mwizi, na wake za watu hakuwagusa. Tena Maandiko aliyajua hasa. Mstari ambao umeukariri tangu utotoni, akikufafanulia yeye unaona kama ndiyo kwanza unausikia. Watu wakampenda. Wakaanza kumpelekea mistari iliyowatatiza, na hilo lilikuwa jema. Baadaye wakampelekea ndoto zao. Kisha wakamwuliza kama binti aolewe na fulani au na fulani, na kama vyungu vichomwe leo au kesho. Wala hakuwarudisha. Nani asiyependa kuhitajiwa?

Jumapili moja akawaambia kutoka mimbarini, "Mungu ana lugha yake. Mkijifasiria wenyewe mtapotea. Ndiyo maana akawapa mkalimani." Watu wakaitika amina kwa sauti kubwa. Tangu siku ile jina lake likawa Mkalimani.

Sasa wanawake wa Lwandala walikuwa na mazoea ya zamani. Vyungu vikiwa vinakauka uani, mmoja alinawa mikono akasoma Neno, wengine wakasikiliza huku wakiendelea kufinyanga. Walibishana, walicheka, walilia. Mchungaji akakataza. Alisema maji ya kina hayaogelewi na watoto bila mkubwa. Wote wakaacha, isipokuwa mmoja tu, Atuganile, mjane asiyekuwa na mtoto, ambaye ulimi wake haukuwa na mfupa. Akaitwa mbele ya wazee wa kanisa. Walipomwuliza kwa nini anakaidi, akamgeukia mchungaji na kumwambia, "Baba Mchungaji, ukinifundisha nitashukuru. Lakini Mungu aliyeniumba anashindwaje kuniambia neno mpaka apitie kwako?"

Wakamtenga. Kutengwa mnakujua: hushiriki chakula cha Bwana, hukai na wenzako, na ukifa kabla hujatubu huimbiwi wimbo wala hupigiwi kengele. Lakini Lwandala wakapita mpaka. Watu waliona kwamba kumkalia Atuganile mlangoni mwa shimo ni kushirikiana na uasi wake. Hakuna aliyewaagiza hivyo. Walijiongeza wenyewe, kama wafanyavyo watu waoga. Akifika shimoni, waliokuwapo walikung'uta nguo zao wakaondoka.

Atuganile alikuwa na dada yake mkubwa, Subilaga. Huyu ndiye hasa mwenye hadithi hii. Walikuwa wa tumbo moja, wamefundishwa ufinyanzi na mama mmoja, na miaka yote walikuwa wakikaliana wao kwa wao. Atuganile alipotengwa, Subilaga alikosa usingizi. Hakutaka kumkosea Mungu, wala hakutaka kumwacha ndugu yake. Akafanya kile ambacho kila mtu wa Lwandala alikuwa akifanya siku hizo. Akaenda kwa Mkalimani.

"Baba Mchungaji," alisema, "naruhusiwa kumkalia mdogo wangu mlangoni?"

Mchungaji alifikiri, akaona ni jambo zito. "Niachie nimwombe Mungu, mama. Nitakupa jibu."

Subilaga akarudi nyumbani kungoja jibu. Jumapili ikapita, na nyingine, mchungaji akiwa na mambo mengi ya watu wengi. Yeye akaona haya kumkumbusha, maana utamharakishaje Mungu?

Basi Jumapili moja ya masika, Subilaga akijiandaa kwenda ibadani, Atuganile akaja na jembe lake na kikapu. Alisimama nje ya mlango asiingie, asije akamponza.

"Dada, nisindikize. Leo watu wote wako kanisani, shimoni hakuna wa kunikimbia. Udongo umeniishia, na sina kazi nyingine."

"Bado sijajibiwa," Subilaga alisema.

Atuganile akamtazama, halafu akacheka. Hakikuwa kicheko cha furaha. "Unamwuliza Mungu kama mimi ni ndugu yako?"

Subilaga alibaki mlangoni. Akamwona mdogo wake akipanda njia ya kilimani. Moyo ulimwambia, mfuate. Lakini alikuwa ameshazoea kutousikiliza moyo wake, maana aliambiwa ndiko shetani anakopitia. Akajifunga kitenge akashuka kanisani.

Kanisa la Lwandala lilikuwa chini ya kilima kilekile, umbali wa kumwita mtu akaitika. Mchungaji alikuwa katikati ya mahubiri, na watu wametulia kama maji mtungini, pakasikika kishindo. Kilikuwa kishindo kizito cha mara moja. Kisha kikaja kilio.

Kilikuwa kilio cha mtu, mwanamke, kinatoka chini chini kana kwamba amefunikwa.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo mpaka leo likisimuliwa nywele zinasimama. Kanisa lile lilijaa watu waliozaliwa chini ya kilima kile. Kila mama pale ndani alishawahi kuingia shimoni. Lakini kichwa hata kimoja hakikugeuka dirishani. Vyote viligeukia mimbari.

Mchungaji naye alikuwa ameshtuka. Mdomo wake ulibaki wazi. Aliona macho yote yale yakimngoja, macho ya watu aliowafundisha kungoja, na akaona haya kuonekana hajui la kufanya. Akanyanyua mkono.

"Tulieni. Tuombe kwanza, tujue sauti hii ni ya nini."

Watu wakainamisha vichwa.

Subilaga naye akainamisha. Ndiyo, wanangu, msinitolee macho, naye akainamisha. Sauti ile aliijua tangu ikiwa ya mtoto mchanga mgongoni mwake. Maombi yakaendelea juu ya kichwa chake. Kilio kikaja tena, kikiwa chembamba. Mchungaji akapaza sauti, nadhani ili asikisikie. Na watu nao wakapaza sauti zao. Wakaomba kwa nguvu kweli kweli, wakimsihi Mungu awafunulie mapenzi yake. Katikati ya kelele ile Subilaga akatega sikio, na safari hii hakusikia kitu.

Akasimama. Mzee Mwakibete, mzee wa kanisa, akamkamata mkono pamoja na kitenge. "Kaa chini, mama. Mchungaji hajasema."

"Ni Atu yule!"

"Mchungaji hajasema."

Subilaga aliung'oa mkono wake, kitenge kikabaki kwa mzee, naye akatoka na gauni lake akikimbia. Nyuma yake maombi yalikatika ghafla kama kamba. Alipofika kilimani mlango wa shimo haukuwapo. Palikuwa na udongo tu, mbichi, unateleza. Akaanza kuchimba kwa mikono huku akiuimba ule wimbo wao wa shimoni, na hakuna aliyemwitikia. Ndipo wenzake wakaja, kwanza wanawake, kisha wanaume, wakachimba kwa majembe, kwa vigae, kwa kucha. Mchungaji Nsajigwa alichimba kuliko wote, kanzu yake nyeupe ikawa na rangi ya kilima.

Wakamtoa Atuganile akiwa bado na joto. Joto lilikuwapo, pumzi haikuwapo. Kinywani na puani hamkuwa na udongo mwingi. Alikuwa amepata upenyo mdogo wa kupumulia, na hewa ndiyo iliyomwishia taratibu. Kila mfinyanzi aliyekuwa pale alielewa maana yake. Walimwelewa maiti yule kabla mtu hajafungua mdomo.

Wakamlaza juu ya majani. Sasa desturi yetu mnaijua: mtu akifa, wanawake hupiga yowe papo hapo, na ukichelewa kulia watu huuliza ulikuwa na kisa gani na marehemu. Lakini siku ile palikuwa kimya. Walisimama wamemzunguka, mikono ikidondosha tope, na taratibu, mmoja baada ya mwingine, wakamtazama mchungaji. Kwani Atuganile alikuwa ametengwa. Tena alikufa akichimba siku ya Bwana. Hawakujua kama wanaruhusiwa kumlilia.

Mzee Mwakibete ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini, kitenge cha Subilaga bado mkononi mwake. "Baba Mchungaji, Mungu anatutaka tufanye nini?"

Subilaga alikuwa amepiga magoti, kichwa cha mdogo wake mapajani. Aliposikia swali lile akainua uso. Waliomwona wanasema ulikuwa uso wa mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Akawatazama majirani zake, shoga zake, shangazi zake, na akaona kwamba walikuwa wanangoja kweli.

"Mnangoja nini?" aliuliza. "Mnamngoja tena? Huyu amelia na sote tukasikia. Nani hapa hakusikia? Nani hakujua ni mtu? Mama Lusajo, wewe hukujua?"

Mama Lusajo akatazama chini.

"Mimi nilijua ni ndugu yangu! Nilijua, nikainama nikaomba nielezwe!" Akamgeukia Nsajigwa. "Baba Mchungaji, wewe je? Ulikuwa hujui ile ni sauti ya nini?"

Ukimtoa Atuganile, hakuna aliyewahi kumwuliza mchungaji namna ile. Nsajigwa alisimama na mikono yake inayotoka damu. Angeweza kusema kwamba alikuwa akitafuta uongozi wa Roho. Wangemwamini. Hilo ndilo la kutisha, wangemwamini.

"Nilijua," alisema. "Nilijua tangu mara ya kwanza. Hata mtoto angejua."

Subilaga hakumtukana. Alimgeukia mdogo wake, akamfuta tope usoni kwa kiganja, akasema, "Alilia, tukamngojea mkalimani. Mimi sasa namlilia, na simngoji mtu. Kilio hakingoji mkalimani."

Akapiga yowe. Lilitoka yowe ambalo kilima kililirudisha. Mama Lusajo akalipokea, na mwingine, na mwingine, mpaka wanaume nao wakaketi chini na kulia bila kuficha nyuso. Nsajigwa akaketi katikati yao kwenye tope akilia kama wao, na safari ile hakuna aliyemtazama kujua afanyeje.

Kesho yake alimzika Atuganile mwenyewe, kwa wimbo na kengele, bila kuuliza wakubwa wake. Kisha akawaambia watu anaondoka, hastahili kuwachunga. Na mnajua baadhi yao walifanya nini? Walimwendea nyumbani kumwuliza kama ni mapenzi ya Mungu aondoke! Mnacheka. Nami nilipoambiwa mara ya kwanza nilicheka, kisha nikanyamaza kwa hofu, maana ugonjwa ule hauponi kwa kilio cha siku moja. Nsajigwa hakuwajibu. Alifunga mlango, na asubuhi hakuwapo.

Subilaga aliishi akazeeka. Kanisani aliendelea kwenda, na wachungaji waliofuata aliwasikiliza kwa adabu na kuwauliza asichokielewa. Hata kuku aliwapelekea. Kwa hiyo msitoke hapa mkasema babu kasema wachungaji hawana kazi. Kitabu ni kirefu, na mwenye kusoma sana amsomeshe asiyesoma. Lakini mpaka anakufa Subilaga alikuwa na swali moja ambalo hakumpelekea mchungaji yeyote, kwa sababu jibu lake alilisikia kwa masikio yake mawili akiwa ameinamisha kichwa kanisani: Mungu alikuwa akisemea wapi asubuhi ile, mimbarini au chini ya udongo?

Kwa hiyo yule mama leo hakuwa akisema mafumbo. Mliona wenyewe jinsi watu walivyosimama mlangoni mwa msiba, wakinong'onezana kama marehemu alikuwa muumini wa kweli au la, kama inafaa kuingia au haifai, kama mzee wa kanisa ameshafika au bado. Na ndani mjane analia peke yake. Ndipo mama yule alipowapita wote akaingia, akawaambia bila kugeuka: kilio hakingoji mkalimani.